Taa za Sikukuu Nyumbani: Uzuri Usiotutia Hatarini

Desemba ikifika, kilima cha Nakasero hubadilika sura kila jioni. Aliyesimama Kololo, ng'ambo ya bonde la Kitante na uwanja wake wa gofu, huona mistari ya taa ikifuata mapaa, kuta na miti. Pambo hilo ni la heri, wala hatuandiki ili kulizima. Twaandika kwa sababu nyumba nyingi za Kampala zimejengwa kwa namna inayoweza kuzigeuza taa za mapambo kuwa mtego: ukuta umevikwa seng'enge za wembe, lango ni la chuma, paa ni la mabati, na kila dirisha lina nondo za kuzuia wezi. Chuma hicho chote hupitisha umeme.

Tuanze dukani. Katika maduka yanayozunguka Soko la Nakasero, mikufu ya taa huuzwa ya kila aina na kila bei. Kabla ya kulipa, msomaji asome maandishi ya pakiti. Yatakiwa yaonyeshe volti 220 hadi 240, kwa kuwa umeme wetu ni wa volti 240. Mkufu wa volti 120, uliotengenezwa kwa soko la Marekani, haufai kuchomekwa hapa. Kwa taa za nje itafutwe alama ya IP44 au zaidi. Tarakimu ya pili, yaani 4, humaanisha kwamba kifaa chahimili maji yanayorushwa kutoka kila upande, ilhali IP20 ni ya ndani tu. Jambo hili ni zito hapa kwetu, maana msimu wa pili wa mvua huweza kuendelea hadi Desemba, na eneo la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani. Wingu likianza kunguruma, plagi ichomolewe mapema, kabla radi haijakaribia.

Kuna desturi moja tunayoiona mara kwa mara, nayo yatusikitisha. Mkufu wa taa huja na plagi ya miguu miwili. Soketi zetu ni za matundu matatu, na matundu mawili ya chini hufungwa na kizibo mpaka tundu la juu liingizwe kitu. Basi mtu huchukua kalamu au kijiti, akakisokomeza juu, akalazimisha plagi kuingia. Mguu wa plagi hiyo hulegea, hupata moto, na soketi huanza kuyeyuka polepole wakati familia imelala. Tena mtoto aliyemwona baba akitumia kijiti leo, kesho atajaribu kwa msumari. Plagi ya miguu mitatu yenye fyuzi, au adapta imara, ni gharama ndogo mno ikilinganishwa na hasara hiyo.

Kuhusu wingi wa taa, hesabu ni nyepesi. Mkufu wa balbu 100 za kizamani huweza kula wati 40. Mkufu kama huo wa LED huhitaji wati 6 hivi. Mikufu kumi ya kizamani ikiwashwa saa tano hutumia yuniti 2 za umeme. Ya LED hutumia yuniti 0.3. Aliye na mita ya Yaka ataiona tofauti upesi. Hata hivyo wati si tishio kuu. Nyumba nyingi huponzwa na maungio: ekstensheni iliyochomekwa katika ekstensheni nyingine, au waya uliokatika ukafungwa kwa utepe. Ekstensheni iliyobaki imeviringwa hushindwa kutoa joto lake, kwa hiyo ikunjuliwe yote, na maungio ya nje yainuliwe juu ya ardhi, mbali na maji. Fundi mwenye kibali cha Mamlaka ya Kudhibiti Umeme aweza pia kufunga kifaa kinachokata umeme unapovuja. Cha miliampia 30 huokoa maisha.

Sasa twende ukutani. Waya wa taa usizungushwe kamwe kwenye seng'enge za wembe wala kwenye uzio wa umeme: wembe hukwaruza ganda la waya, mvua hufanya iliyobaki, na atakayeshika lango asubuhi ni mtu asiye na habari. Vivyo hivyo kwa nondo za madirisha. Tumieni vishikizo vya plastiki, si misumari, na ngazi ya mbao ni bora kuliko ya alumini. Mti ulio karibu na nyaya za barabarani uachwe kama ulivyo. Kaloli wanautosha kwa pambo.

Na uzuri? Maoni yetu ni kwamba taa chache zilizopangwa hushinda taa nyingi zilizotupwa. Chagueni mstari mmoja wa nyumba, kwa mfano ukingo wa baraza, na mti mmoja uani, kisha rangi moja ya joto. Tokeni barabarani mkatazame kabla ya kufunga kabisa. Matawi ya misaipresi yanayouzwa kando ya barabara hukauka upesi na utomvu wake hushika moto vikali. Yawekwe ndani ya ndoo ya maji, mbali na mishumaa, na kamwe yasizibe mlango. Dirisha lenye nondo halitoki mtu, hivyo mlango ndio njia pekee. Usiku, funguo zikae mahali ambapo hata mtoto azijua.

Wanaosafiri kwenda kijijini wazime taa zote kwenye swichi kuu. Taa zinazowaka mchana na usiku bila mtu kuzigusa humwambia mwizi kuwa wenyewe hawapo. Afadhali kumwarifu jirani na Mwenyekiti wa LC I. Waya pia usipitishwe dirishani kwa namna inayoliacha wazi.

Moto ukitokea, zimeni swichi kuu ikiwa yafikika salama, wala msimwage maji juu ya kitu chenye umeme; mtungi wa unga au wa hewa ya ukaa ndio ufaao. Watoeni watu kwanza, kisha pigeni 999 au 112, mkitaja barabara na jengo linalojulikana lililo karibu. Askari wa lindo alifungue lango mapema, na magari ya wageni yaondolewe njiani, maana gari la zimamoto ni pana.