Fahamu Ngozi Yako: Prebiotiki ni Nini?

Losheni kadhaa madukani sasa zina neno prebiotiki kwenye lebo. Prebiotiki si dawa wala si bakteria. Ni chakula cha bakteria wazuri wanaoishi juu ya ngozi. Mmoja wao, Staphylococcus epidermidis, anapokula gliserini hutoa asidi zinazowazuia bakteria wa chunusi kuongezeka. Hilo limeonekana katika majaribio ya maabara. Kwa hivyo si lazima mkazi anunue chupa ya bei ghali. Gliserini ya kawaida, ile tuliyopakwa utotoni, ikichanganywa na maji na kupakwa mara tu baada ya kuoga inatosha wengi wetu.

Lakini chakula hakina faida walaji wakiwa wameoshwa wote. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, pH ya karibu 5, ilhali sabuni nyingi za mche hufikia 9 au 10. Sabuni ya kufulia iachiwe nguo. Mtoto mchanga asiogeshwe kwa dawa ya kuua viini.

Krimu za kujichubua zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, na hakuna losheni ya prebiotiki itakayofuta madhara yake. Mwenye upele usiopona afike kituo cha afya kilicho karibu naye, aende na kopo la krimu aliyokuwa akitumia.