Ruta mpya? Itoe kwanza nyuma ya TV

Fundi wa intaneti akija nyumbani huwa na haraka. Kuna wateja wengine wanampigia simu, na yeye anataka waya uishie palepale ulipoingilia. Ndiyo maana ruta nyingi za Dar es Salaam na Nairobi zinaishi nyuma ya televisheni, zimebanwa kati ya king'amuzi na sabufa, huku walio chumba cha mwisho wakilalamika kwamba kifurushi ni kidogo. Kabla hujahamia kifurushi cha bei kubwa, pitia haya. Mengi hayana gharama.

1. Chagua mahali kabla ukuta haujatobolewa
Mpeleke fundi mwenyewe hadi unapotaka ruta ikae: katikati ya nyumba, juu kidogo ya kichwa, pasipozibwa na kitu. Korido mara nyingi inaishinda sebule, kwa sababu milango ya vyumba yote inafungukia huko. Mlango wa mbao husumbua mawimbi ya Wi-Fi kidogo tu. Zege lenye nondo linasumbua sana, na nyumba zetu nyingi ni tofali za saruji hadi kuta za ndani. Anayeishi Mji Mkongwe wa Zanzibar au Mji wa Kale wa Mombasa, kwenye kuta nene za mawe ya matumbawe, ajue mapema kwamba ruta moja haitamtosha. Epuka pia friji, kabati la chuma, kioo kikubwa cha kujitazamia na tangi la samaki, maana chuma hurudisha mawimbi na maji huyanyonya. Waya haufiki? Omba uongezwe siku hiyohiyo. Kumrudisha fundi wiki ijayo ni kazi nyingine.

2. Ruta ya laini ya simu ina sheria zake
Hii lazima kwanza ishike mnara, kwa hiyo iweke dirishani, si katikati ya nyumba. Kisha fungua ukurasa wake wa mipangilio utafute herufi RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara. Utaona namba hasi. Ukiona -85 uko vizuri. Ukiona -110 hata filamu fupi itakutesa. Ihamishe dirisha hadi dirisha, subiri itulie, soma tena. Kwenye nyumba ya mabati tofauti inaweza kuwa kubwa hadi ushangae.

3. Igeuze, upige picha kibandiko cha chini
Hapo pana jina la mtandao, nenosiri la Wi-Fi, anwani ya mipangilio (mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.8.1), na jina na nenosiri la kuingilia huko. Angalia vizuri: manenosiri ni mawili. Watu wengi hubadili la Wi-Fi wakaridhika, kumbe la mipangilio limebaki "admin". Kijana yeyote mjanja aliyeunganishwa kwako anaweza kuingia, akabadili kila kitu na kukufungia nje ya mtandao unaoulipia wewe. Badili yote mawili. La Wi-Fi liwe refu, maneno manne yasiyohusiana yanatosha, na lisiwe namba yako ya simu, ambayo mtaa mzima unayo. Ukiwa humohumo, chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, na uzime WPS, ile njia ya kuunganisha vifaa kwa kitufe au namba fupi.

4. Fungua mtandao wa wageni
Kwetu kumnyima mgeni pasiwedi ni kama kumnyima maji ya kunywa, na wageni hawaishi: shemeji, watoto wa jirani, ukoo mzima ukiwa na shughuli. Ruta nyingi zina mtandao wa pili kwa ajili yao, wenye nenosiri lake. Wakiondoka unalibadili hilo tu, na televisheni na kamera zako hazina haja ya kuunganishwa upya. Ni kipengele ninachokipenda kuliko vyote, na ni nadra kumkuta mtu amekiwasha.

5. 2.4 au 5?
Ukiona majina mawili ya mtandao wako, hujaibiwa. 2.4 GHz hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, ila ina msongamano, na maikrowevu ikiwaka huivuruga. 5 GHz ni ya kasi, lakini huchoka mapema. Televisheni na kompyuta zilizo karibu zipe 5. Kamera ya getini na simu ya chumba cha uani zipe 2.4. Anayekaa ghorofani, penye ruta kila mlango, achague chaneli 1, 6 au 11 kwenye 2.4: hizo tatu haziingiliani.

6. Pima kabla ya kugomba
Fungua fast.com ukiwa karibu na ruta, kisha urudie chumbani. Ukipata ulicholipia hapo karibu lakini chumbani ukapata robo yake, mgomvi wako ni ukuta. Kama hata pembeni ya ruta kasi ni ndogo, hapo ndipo upigie kampuni. Kumbuka pia kwamba Mbps 20 si megabaiti 20 kwa sekunde. Gawanya kwa 8, utapata 2.5, kwa hiyo faili la gigabaiti moja litakula karibu dakika saba hata mambo yakiwa mazuri.

7. Chumba kisichofikika
Vile vidude vya kuchomeka kwenye soketi vinavyorudia mawimbi hupunguza kasi, mara nyingi hadi nusu. Ukinunua kimoja, kichomeke katikati ya njia. Ukikiweka chumba kisicho na mtandao, kitarudia ubovu uleule. Bora uvute waya wa Ethaneti hadi kwenye kifaa cha pili cha Wi-Fi. Waya huo unafika mita 100. Dai wa shaba halisi, maana madukani kuna mwingi wa alumini iliyopakwa shaba.

8. Umeme
Umeme wa LUKU ukiisha, intaneti nayo imelala. Betri ndogo ya ruta husaidia, ila volti zake zilingane na zilizoandikwa kwenye adapta, kwa kawaida 12. Kama kisanduku cha faiba na ruta ni vitu viwili, vyote viwili vinahitaji umeme. Radi zikianza, chomoa.

9. Taa nyekundu ya LOS
Maana yake mwanga wa faiba haufiki: waya umekatika au umekunjwa sana. Kuzima na kuwasha hakutasaidia, na usithubutu kubonyeza kile kitufe cha reseti kwa kijiti, kwani kitafuta mipangilio yako yote. Taa zikiwa za kawaida lakini hakuna kinachofunguka, muulize jirani kwanza. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, intaneti ikasuasua Tanzania, Kenya na Uganda, na ruta za watu hazikuwa na kosa lolote. Jirani naye akisema hana, iache yako ilivyo.