SOMO: MAUMIVU YASIYOKWISHA NA MZIGO WA NDUGU ZETU

Tusome: Yobu 2:11-13, Yoane 9:1-3, Wagalatia 6:2



Katika parokia zetu wako wababa na wamama wanaoumwa miezi na miaka. Kwa macho hatuoni kidonda. Basi wengine husema: ni mvivu, au amerogwa, au anaficha dhambi. Tujifunze leo, ili ndimi zetu zisiwaongezee mzigo.

1. Maumivu haya ni nini?

Maumivu ya kawaida ni mlinzi. Ukikanyaga mwiba, mishipa ya fahamu inapeleka habari kwenye ubongo, nawe unaondoa mguu. Kidonda kikipona, maumivu yanakoma. Yakipita miezi 3, waganga wa hospitali wanayaita maumivu ya kudumu. Pengine chanzo kingalipo: magoti yaliyolika, ugonjwa wa sukari ulioharibu mishipa, au damu ya SS. Pengine mwili umekwisha kupona, lakini mishipa inaendelea kupeleka habari, kama mlinzi anayepiga ngoma hata mwizi akiisha kwenda. Maumivu hayo ni ya kweli. Mgonjwa hajifanyi.

2. Yanaharibu nini?

Yanaharibu usingizi. Yanazuia kulima, kuchota maji na kutwanga sombe. Leo mama anaweza, kesho hawezi. Ndiyo sababu watu wanamdhania mwongo. Pesa zinaishia kwenye dawa. Kupiga magoti wakati wa maombi kunakuwa mateso, naye anaacha kuja ibadani. Kisha huzuni inaingia, na huzuni pamoja na kukosa usingizi vinazidisha maumivu.

3. Neno la Mungu linatufundisha nini?

Rafiki za Yobu waliketi naye siku 7 bila kusema neno. Hapo walifanya vema. Walikosa walipofungua kinywa kumhukumu. Na wanafunzi walipotafuta dhambi ya yule aliyezaliwa kipofu, Yesu aliikataa hukumu hiyo.

Kanisa letu lilianza kwa uponyaji, karibu na Nkamba, tarehe 6 Aprili 1921. Tunaamini kwamba Mungu anaponya. Lakini asiyepona upesi si mtu asiye na imani. Mtume Paulo aliomba mara 3, na mwiba wake ukabaki; alipewa neema ya kuuvumilia (2 Wakorinto 12:7-9).

4. Tufanye nini?

- Tunafundishwa Upendo, Amri na Kazi. Upendo unatangulia. Siku ya kazi ya kanisa, anayeumwa mgongo asibebeshwe mawe. Aandike matoleo au afundishe watoto.
- Asiyeweza kupiga magoti aombe ameketi, wala mtu asimkemee.
- Maombi yasimzuie kwenda kwa munganga. Vidonge vya maumivu vikimezwa kila siku bila shauri vinaweza kudhuru tumbo na mafigo.
- Kulala siku nzima hakusaidii. Atembee kidogo kila siku, na kazi azigawe, asizimalize zote siku ya nafuu.
- Miguu ikifa ganzi ghafula, au akishindwa kuzuia mkojo, apelekwe hospitali siku ile ile.
- Tusiulize tu habari zake, tumchotee maji.

Maswali ya kujibu pamoja

1. Ni nani katika parokia yetu ameacha kuja kwa sababu ya maumivu?
2. Juma hili, ni nani atakwenda kwake, na kwa kazi gani?

Bwana atutie nguvu ya kubebeana mizigo. Amina.