Mtaa Kwanza, Chumba Baadaye: Namna ya Kuchagua Hoteli Ndogo Jijini Paris

Shabaha ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji anatarajiwa aweze kuitambua sehemu ya jiji ambako hoteli ipo kwa kuisoma anwani yake. Kuulinganisha mtaa na haja za safari yake. Kukokotoa gharama kamili ya malazi. Na kuyasoma masharti ya kughairi kabla ya kutoa fedha.

Utangulizi

Anayekwenda Paris kwa mara ya kwanza, awe anakwenda fungate, maonyesho ya biashara au kumtembelea ndugu, aghalabu huanza kutafuta hoteli kwa kutazama picha na bei. Vyote viwili havitoshi. Picha huonyesha kitanda na pazia, lakini haionyeshi ngazi zilizopo kabla ya kukifikia chumba. Bei huonyesha gharama ya usiku mmoja, lakini haionyeshi nauli, kodi wala muda utakaopotea njiani. Mambo hayo yote hutegemea mtaa. Kwa hiyo kanuni ya somo hili ni moja: chagua mtaa kwanza, kisha chumba, na usilipe fedha isiyorudishwa kabla viza haijatoka.

Hoteli ya butiki ni ipi?

Jina hili hutumiwa kwa hoteli ndogo, yenye vyumba vichache na mapambo ya pekee, isiyofanana na hoteli kubwa za makampuni. Ifahamike kwamba nchini Ufaransa neno hilo si daraja la kisheria. Yeyote aweza kulitumia katika tangazo lake. Daraja rasmi ni nyota, kuanzia moja hadi tano, ambazo husimamiwa na Atout France, shirika la umma la kuendeleza utalii. Nyota hutolewa kwa kipindi cha miaka 5, na hoteli hailazimiki kuziomba.

Nyota hupima mambo yanayohesabika, kama vile ukubwa wa chumba, vifaa na huduma. Hazipimi utulivu wa mtaa wala uzuri wa mandhari. Hata ukubwa unaotakiwa si mkubwa kwa mazoea yetu: chumba cha watu wawili cha hoteli ya nyota moja chaweza kuwa na mita za mraba 9 tu. Basi tafuta ukubwa wa chumba kwa tarakimu. Usipouona umeandikwa, uliza.

Jiji lilivyogawanyika

Tangu mwaka 1860 Paris imegawanywa katika wilaya 20. Wilaya ya 1 iko katikati, kwenye jumba la makumbusho la Louvre, na nyingine hufuata kwa kuzunguka kama kombe la konokono hadi ya 20 upande wa mashariki. Kila wilaya ina mitaa 4 rasmi, hivyo jiji zima lina mitaa 80. Mto Seine huligawa jiji pande mbili: ukingo wa kulia upo kaskazini, na ukingo wa kushoto upo kusini.

Mgawanyo huu humpa mtumiaji wa huduma kipimo chepesi cha kuukagua ukweli wa tangazo. Msimbo wa posta wa Paris huanza na 75, na tarakimu mbili za mwisho hutaja wilaya. Hivyo 75006 ni wilaya ya 6, na 75018 ni wilaya ya 18. Hoteli yenye msimbo unaoanza na 92, 93 au 94 imo katika miji jirani, hata kama jina lake lina neno Paris. Msimbo unaoanza na 95 au 77 waweza kuwa mbali zaidi: Roissy, ulipo uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle, una msimbo wa 95. Kukaa nje ya jiji si kosa, ila mtu akae huko kwa kujua.

Jihadhari pia na maneno kama «karibu na Mnara wa Eiffel» au «mandhari ya mnara». Mnara huo una urefu wa mita 330, na huonekana kutoka sehemu nyingi za jiji. Kuuona dirishani si sawa na kuufikia kwa miguu.

Mitaa na tabia zake

Marais (wilaya ya 3 na ya 4). Ni sehemu ya kale, yenye vichochoro, makumbusho na maduka, na wengi huipenda kwa sababu mambo mengi hufikika kwa miguu. Upungufu wake ni kwamba majengo ni ya zamani, vyumba ni vidogo, lifti huenda isiwepo, na baa za mitaa kadhaa huchelewa kufunga. Humfaa anayependa matembezi na asiyesumbuliwa na kelele.

Quartier Latin na Saint-Germain-des-Prés (wilaya ya 5 na ya 6). Hapa pana vyuo vikuu, maduka ya vitabu na bustani ya Luxembourg. Msikiti Mkuu wa Paris, uliofunguliwa mwaka 1926, umo katika wilaya ya 5. Treni ya RER B kutoka uwanja wa Charles de Gaulle husimama Saint-Michel na Luxembourg bila kubadilisha, jambo lenye manufaa kwa mwenye mizigo. Bei za hapa, hususan wilaya ya 6, ni za juu.

Wilaya ya 7. Ndiyo wilaya ya Mnara wa Eiffel na ofisi nyingi za serikali. Usiku huwa na utulivu, lakini chakula cha bei nafuu ni haba. Huzifaa familia na wazee.

Montmartre (wilaya ya 18). Mtaa huu umejengwa juu ya kilima, na ngazi zake ni nyingi. Hapa ndipo inapoonekana kwamba namba ya wilaya peke yake haitoshi. Chini ya kilima, upande wa kusini, ipo Pigalle yenye kumbi za starehe za usiku. Upande wa mashariki ipo Château Rouge, yenye soko maarufu la vyakula vya Kiafrika, ambapo ndizi za kupika, viazi vikuu na samaki wakavu hupatikana. Sehemu hizi hazipishani hata nusu saa kwa miguu, lakini usiku wake haufanani.

Gare du Nord na wilaya ya 10. Panamfaa anayeunganisha safari ya treni kwenda London au Brussels, au anayefika usiku kutoka uwanja wa ndege. Kandokando ya mfereji wa Saint-Martin pana hoteli ndogo zenye kupendeza, na karibu na stesheni ya Château d'Eau zipo saluni nyingi za nywele za Kiafrika. Stesheni kubwa huwa na msongamano. Angalia mfuko na simu yako.

Wilaya ya 12 hadi ya 15. Ni makazi ya wenyeji wa kawaida. Watalii ni wachache, maduka ya vyakula yapo, na bei mara nyingi ni nafuu kuliko katikati. Stesheni ya Denfert-Rochereau, katika wilaya ya 14, ipo kwenye njia ile ile ya RER B. Kwa msafiri mwenye bajeti ya wastani, mitaa hii yastahili kutazamwa kabla ya kwenda nje ya jiji.

Kukokotoa gharama kamili

Tuchukue mfano wa mume na mke watakaokaa usiku 4. Bei za vyumba hapa ni za kufundishia. Nauli ni za mwaka 2025, ambapo tiketi ya metro ilikuwa euro 2.50 na tiketi ya treni ya kwenda au kutoka uwanja wa ndege euro 13.

Hoteli ya kwanza iko karibu na uwanja wa ndege, kwa euro 110 kwa usiku. Malazi ni euro 440. Kwa siku 3 kamili za matembezi, watu wawili wataingia jijini na kurudi kwa tiketi za euro 13, yaani tiketi 12, sawa na euro 156. Jumla ni euro 596.

Hoteli ya pili iko wilaya ya 14, kwa euro 130 kwa usiku. Malazi ni euro 520. Treni ya kufika na kuondoka kwa watu wawili ni euro 52. Metro, safari mbili kwa kila mtu kwa siku 3, ni euro 30. Jumla ni euro 602.

Tofauti iliyoonekana kuwa euro 80 imebaki euro 6. Kwa euro hizo 6, wasafiri wa pili wameepuka safari ndefu ya kila asubuhi na jioni, na wanaweza kurudi kupumzika mchana.

Zaidi ya nauli, ongeza mambo mawili. La kwanza ni kodi ya malazi, inayotozwa kwa kila mtu mzima kwa kila usiku na kutegemea nyota za hoteli. Mwaka 2024 ilikuwa euro 5.20 kwa hoteli ya nyota tatu ya Paris. Kwa wawili hao ingekuwa euro 41.60. Walio chini ya miaka 18 hawatozwi. Mara nyingi kodi hii hulipwa hotelini, nje ya bei iliyoonekana mwanzoni. La pili ni kifungua kinywa, ambacho huenda kisiwemo katika bei.

Anayefika usiku wa manane na kulazimika kukodi teksi aelewe kwamba nauli kutoka uwanja wa ndege imewekwa na serikali. Mwaka 2025, kutoka Charles de Gaulle ilikuwa euro 56 kwenda ukingo wa kulia na euro 65 kwenda ukingo wa kushoto. Panda teksi kwenye kituo rasmi tu, wala usimfuate anayekuita ndani ya ukumbi.

Maswali ya kuiuliza hoteli

Andika ujumbe mfupi na uhifadhi majibu. Uliza:

1. Je, ipo lifti, na inafika ghorofa ya chumba changu? Ufaransa huhesabu ghorofa ya kwanza juu ya ile ya chini, kama ilivyo kwetu.
2. Je, chumba kinatazama barabara au ua wa ndani? Ua huwa na utulivu zaidi.
3. Je, kipo kiyoyozi? Usidhani Ulaya ni baridi daima: tarehe 25 Julai 2019 joto la Paris lilifikia nyuzi 42.6.
4. Je, kitanda ni kimoja au viwili?
5. Je, mapokezi hufungwa saa ngapi? Hoteli ndogo huenda isiwe na mtu usiku kucha.
6. Stesheni ya karibu ni ipi, na ina ngazi tu? Njia ya 14 ya metro ina lifti katika stesheni zake zote, lakini stesheni nyingi za zamani hazina. Mwenye kiti cha magurudumu au kigari cha mtoto alizingatie hili kabla ya kuuchagua mtaa.

Viza na masharti ya kughairi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Raia wa nchi zetu za Afrika Mashariki huhitaji viza ya Schengen, na mwombaji hutakiwa kuonyesha mahali atakapolala. Ada ya viza kwa mtu mzima, tangu Juni 2024, ni euro 90, nayo hairudishwi ombi likikataliwa. Ikiwa mwombaji amelipia pia chumba kwa bei «isiyorejeshwa», atapoteza yote mawili. Kunyimwa viza, kwa kawaida, hakumlazimishi mwenye hoteli kurudisha fedha.

Wako wanaodhani kwamba sheria ya Ulaya humruhusu kila mnunuzi wa mtandaoni kubadili nia ndani ya siku 14. Haki hiyo ipo, lakini haihusu malazi yaliyowekewa tarehe maalumu. Linalokulinda ni sharti lililoandikwa katika mkataba wako.

Kwa hiyo, weka nafasi inayoweza kughairiwa bila malipo, hata ikiwa bei yake imezidi kidogo. Andika tarehe ya mwisho ya kughairi na uhakikishe ipo baada ya siku unayotarajia jibu la viza. Usikubali wakala akutengenezee barua ya hoteli ya uongo. Ubalozi waweza kuihakiki, na ombi likaharibika. Kama utafikia kwa ndugu, yeye ndiye aombe hati ya mwaliko katika ofisi ya manispaa anakoishi.

Tatizo likitokea

Chumba kikiwa tofauti na ulichoahidiwa, toa taarifa mapokezi siku ile ile, piga picha, na uombe chumba kingine. Usipopata suluhisho, andika malalamiko kwa hoteli na uhifadhi nakala. Sheria ya Ufaransa humtaka mfanyabiashara amtajie mteja msuluhishi wa migogoro ya watumiaji, ambaye huduma yake haimgharimu mteja chochote. Unapolipa kwa kadi, ukiulizwa kati ya euro na sarafu ya nyumbani, chagua euro. Kiwango cha kubadilishia fedha kinachotolewa na mashine hizo mara nyingi humuumiza mteja.

Maswali ya kujipima

1. Tangazo la hoteli lina neno Paris na msimbo wa posta 93200. Hoteli hiyo iko wapi?
2. Kwa nini nyota tatu hazithibitishi utulivu wa chumba?
3. Rafiki yako anataka kulipia bei isiyorejeshwa ili aokoe euro 60, na bado hajapata viza. Mshauri, ukitaja sababu mbili.
4. Chagua mtaa unaomfaa mama mwenye umri wa miaka 70, asiyeweza kupanda ngazi na atakayefika kwa ndege ya usiku. Toa sababu zako.