Waaskari wa Risasi: Somo juu ya Mchezo wa Vita



Juzi katika mwaka wa tatu tulisoma habari ya H. G. Wells, yule mwandishi Mwingereza aliyetunga hadisi ya mashine ya kusafiri katika nyakati. Mwanafunzi mmoja akauliza: "Mlimu, ni kweli ule muzee alikuwa anacheza na waaskari wa watoto?" Darasa nzima wakacheka. Ni kweli kabisa. Tena mwaka 1913, akiwa amepita miaka 45, aliandika kitabu kizima juu ya mchezo ule, jina lake Little Wars, ni kusema Vita Vidogo. Leo tutazame jambo hili polepole, sababu ndani yake kuna shimi, kuna hesabu, na kuna swali moja ambalo halichekeshi.

Tuanze na askari mwenyewe. Katika karne ya 18 mafundi wa mji wa Nuremberg, Ujerumani, walifanya waaskari wa bati, bapa, wembamba kama kifuniko cha mkebe. Wengine huko Ulaya walifanya waaskari wenye unene kamili, risasi tupu toka kichwa mpaka miguu. Wale walikuwa wazito na bei yao ilikuwa kali. Basi mwaka 1893 jamaa ya William Britain, mafundi wa vitu vya kuchezea katika mji wa London, wakaleta namna ingine.

Sikieni vizuri, maana hapa njo penye akili. Fundi anayeyusha risasi iliyochanganywa na antimoni na bati. Anaimimina ndani ya kalibu ya chuma. Ile risasi yenye kugusa kalibu inapoa mbele na kuganda, lakini ile ya katikati ingali maji. Saa ileile fundi anapindua kalibu, na ile ya katikati inarudi ndani ya sufuria. Kinachobaki ni ganda tu: askari kamili kwa nje, mutupu kwa ndani. Fundi akikawia, askari anaganda mzima na faida imepotea. Akiharakisha sana, ganda linabomoka. Hakuna saa wala kipimo, ni mkono na desturi tu. Kwa sababu risasi kidogo ilitosha, bei ikashuka, na watoto wengi wakaweza kupata jeshi lao. Askari wa miguu alikuwa na urefu wa milimetri 54, na kipimo kile watu wanakifuata hata leo. Kazi ya risasi katika nyumba ile iliisha mwaka 1966. Plastiki ikachukua nafasi.

Leo watu wazima wanakusanya wale waaskari wa zamani. Wanachotafuta ni rangi ya kwanza, hata kama imechubuka, na sanduku lake la karatasi nene. Ukimpaka askari wa 1900 rangi mpya yenye kungaa, unafikiri umemsaidia, kumbe umemharibu: thamani inashuka, na alama ya mkono wa yule aliyempaka kwanza imepotea. Mimi nawaunga mkono wenye kusema hivi. Kitu cha zamani kiachwe na uzee wake.

Kuna ugonjwa wa waaskari hawa vilevile. Wakati mwingine mtu anafungua kabati yake nzuri ya mbao za mwaloni na kukuta unga wa kijivu juu ya jeshi lake. Mbao zile zinatoa mvuke wa asidi, ndugu ya ile iliyo ndani ya siki. Mvuke ule pamoja na hewa unageuza risasi kuwa unga, na askari anakwisha polepole. Mwenye kabati alitaka kuwatunza, na kabati njo iliwala.

Kuwageuza je? Hapa tunashika wale waliokwisha kuvunjika. Shingo ni nyembamba, ndiyo maana vichwa vilianguka kila siku. Watoto wa zamani walichomeka kijiti cha kiberiti ndani ya shingo ile tupu na kurudisha kichwa mahali pake. Wageuzaji wa leo wanafuata njia ileile: wanatwaa kichwa cha huyu, mwili wa yule, wanaunga kwa waya na kole, na mpiga ngoma anakuwa mchukua bendera. Kwa waaskari wadogo wa plastiki, kama wale Airfix walianza kuuza mwaka 1959, kisu chenye makali na sindano ya moto vinatosha. Lakini plastiki ile ni laini, rangi inabanduka kama ngozi ya nyoka.

Neno moja nalisema kwa nguvu: risasi ni sumu, na kwa mtoto ni sumu zaidi. Usiiyeyushe katika sufuria ya jikoni, usiitie kinywani, usiikwangue na kupuliza unga wake. Ukiigusa, nawa mikono mbele ya kula. Rangi za zamani zilikuwa na risasi pia.

Sasa mchezo. Jeshi la Prussia lilikuwa na mchezo wake tangu 1824, kazi ya luteni von Reisswitz: ramani, dadu na mwamuzi, kwa kufundisha maofisa. Wells alitaka mchezo wa sakafuni. Alikuwa na mizinga midogo yenye resori iliyorusha kijiti cha mti na kuangusha waaskari kweli. Askari wa miguu anasogea futi 1 kwa zamu, wa farasi futi 2. Mzinga haupigi kama hauna watu wanne karibu yake, na katika zamu moja ama unapiga mara nne ama unasogea, hapana vyote viwili. Zamu ina saa yake: dakika 1 kwa kila watu 30, na dakika 1 kwa kila mzinga. Dakika zikiisha, asiyesogezwa anabaki pale pale.

Na lile swali? Wells mwenyewe alisema kwamba anayecheza mara chache ataona vita vya kweli ni upumbavu wa namna gani, kama vya sakafuni tayari vina makosa mengi hivi. Maneno mazuri. Lakini mwaka uliofuata, 1914, vita kubwa ilipoanza, mtu yuleyule aliiunga mkono na kuandika kwamba itakomesha vita zote. Haikukomesha. Basi mchezo ulimfundisha nini? Wengine kati yetu hapa wanajua mlio wa bunduki bila kusoma kitabu, na mwanafunzi wa namna ile akikataa kucheza, mtu asimcheke. Mimi binafsi nimesoma kanuni zile kwa furaha, na ule mwaka 1914 unanisumbua bado.

Kazi ya kujizoeza, mlete Jumatatu:

Jeshi lina watu 90 wa miguu, 30 wa farasi na mizinga 3. Zamu yake ni dakika ngapi? Wa farasi wakiwa futi 9 mbali na adui, watamfikia katika zamu ya ngapi? Na kwa watu wa shimi: mbona chupa ya siki isikae katika kabati moja na askari wa risasi?