SOMO LA ROBO HII: Madiwani Wachache Wanaojali Mazingira Wanaweza Kufanya Nini?

Kamati za sharika hutuuliza: kuna faida gani kumfuata diwani kuhusu mtaro uliojaa taka, wakati yeye ni mmoja tu katika baraza zima? Swali ni la haki, na wafadhili wetu nao hulipata wanapoombwa kuchangia mafunzo ya uongozi badala ya mapipa ya taka.

Kwanza tuelewane. Ukisema "madiwani wa kijani" hapa Kariakoo, kila mtu atafikiria sare za chama. Sisi tunamaanisha madiwani wanaoweka mazingira mbele, wawe wa chama chochote. Ulaya wana vyama vya namna hiyo. Sheria yetu inamtaka kila mgombea adhaminiwe na chama, hivyo watu hawa tuwatafute humo humo vyamani.

Mfano mmoja wa nje. Baraza la Kirklees, kaskazini mwa Uingereza, lina madiwani 69. Wale wa chama cha Green walikuwa wachache sana, lakini hakuna chama kilichokuwa na wingi wa kutosha kupitisha bajeti peke yake. Kura zao zikahitajika, nao wakadai jambo moja: nyumba zikingwe dhidi ya baridi bila malipo. Kati ya 2007 na 2010 nyumba zaidi ya 50,000 zilifanyiwa kazi hiyo.

Kwetu njia hiyo ni nyembamba. Chama kimoja kikishika karibu viti vyote, hoja huamuliwa katika kikao cha chama kabla ya baraza kukaa. Kwa hiyo nguvu ya diwani wetu tuitafute kwingine.

Wako watakaosema twende mahakamani. Wakazi wa Tabata walifanya hivyo mwaka 1988, wakalishtaki Jiji kwa moshi na harufu ya jaa, na wakashinda. Mahakama Kuu ilikataa kuendelea kuliongezea Jiji muda, ikitaja haki ya kuishi iliyomo katika Katiba. Ushindi mkubwa! Lakini taka zilihamia Vingunguti, baadaye Mtoni, na hatimaye Pugu Kinyamwezi. Hukumu inaweza kufunga jaa, ila haizoi taka za mtaa wa Kongo kila jioni. Hiyo ni kazi ya halmashauri.

Nayo halmashauri imejifunza kwa gharama. Mwaka 1994 uzoaji wa taka katika kata 10 za katikati ya jiji ulikabidhiwa kampuni binafsi, ambayo ilitegemea ada za wananchi. Wengi hawakulipa, na kazi ikasuasua. Kwa maoni yetu magari hayakuwa tatizo kubwa kuliko hili: nani alikubaliana na wananchi kuhusu ada, na nani angesimamia sheria ndogo? Mambo hayo mawili yanapita mikononi mwa diwani.

Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na wenyeviti wote wa mitaa ni wajumbe wake. Hapo hahitaji wingi wa baraza. Anaweza kumwita mzabuni wa taka ajieleze mbele ya wenyeviti, na kupanga siku ya kuzibua mitaro kabla ya masika. Kwenye halmashauri, diwani mmoja au wawili waliojiandaa vizuri katika Kamati ya Mipango Miji na Mazingira wanaweza kumbana mtaalamu kwa maswali ambayo baraza zima halina muda nayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaitaka halmashauri iwe na ofisa wa mazingira. Diwani ana haki ya kuuliza taarifa yake iko wapi.

Jambo hili si dogo. Maji ya Kariakoo yanateremka kuelekea Jangwani na bonde la Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Maboksi na mifuko inayoziba mtaro sokoni inamsumbua mtu wa chini ambaye hajawahi kufungua duka.

Kwa kujadiliana katika kamati zenu: mtaro upi unaziba kwanza mvua zikianza, na uko mtaa gani? Nani anazoa taka hapo, kwa mkataba unaoisha lini? Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini vipaumbele vya mitaa hukusanywa miezi mingi kabla. Je, mtaro wenu umo? Yaandikeni majibu katika ukurasa mmoja, mmpelekee diwani kabla ya kikao cha kata. Mkutano wa Baraza la Madiwani hufanyika kila robo mwaka na mwananchi anaruhusiwa kusikiliza. Chagueni wajumbe wawili wa kwenda kukaa pale, na watuletee taarifa kwa ajili ya toleo lijalo.