Fumbo la Hesabu Lililodumu Zaidi ya Miaka 350

Fundi ajengaye nyumba, akitaka ukuta uwe na pembe mraba, hupima futi 3 upande mmoja na futi 4 upande wa pili. Ikiwa toka ncha hata ncha ni futi 5 kamili, ajua ya kuwa pembe yake ni sawa. Sababu ni kwamba 3 mara 3 ni 9, na 4 mara 4 ni 16. Jumla yake ni 25, nayo ni 5 mara 5. Namba zipatanazo hivyo hazina mwisho.

Je, zikizidishwa mara tatu, kama 2 mara 2 mara 2 iletavyo 8? Msomaji na atwae kalamu ajaribu. Kwa namba 6 atapata 216, na kwa 8 atapata 512. Jumla yake ni 728. Namba 9 huleta 729. Imepungua moja tu! Walakini kukaribia si kufika.

Yapata mwaka 1637 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse katika Ufaransa, aliandika pembeni mwa kitabu chake ya kuwa jambo hilo haliwezekani kabisa, wala kwa mara tatu, wala nne, wala zaidi. Alisema analo thibitisho, ila nafasi haikutosha. Alikufa mwaka 1665, na thibitisho hilo halikuonekana. Kujaribu namba milioni hakutoshi, maana huenda ile ifuatayo ikavunja kanuni.

Njia ilifunguka mahali pasipotazamiwa. Katika miaka ya 1950 Wajapani wawili, Yutaka Taniyama na Goro Shimura, walichunguza mistari fulani iliyopindika, ichorwayo kwa kanuni za aljebra. Walikisia ya kuwa kila mstari wa jinsi hiyo una ndugu yake katika tawi jingine la hesabu, lihusulo ulinganifu. Baadaye Mjerumani Gerhard Frey alionyesha kwamba, kama Fermat angalikosea, ungalipatikana mstari wa ajabu. Na mwaka 1986 Mmarekani Kenneth Ribet alithibitisha ya kuwa mstari huo usingaliweza kuwa na ndugu. Basi, ikiwa kisio la Wajapani ni kweli, neno la Fermat nalo ni kweli.

Andrew Wiles, Mwingereza aliyelipenda fumbo hili tangu alipokuwa na miaka 10, aliifanya kazi hiyo kwa siri miaka 7. Mwezi wa Juni 1993 alitangaza mjini Cambridge ya kuwa amefaulu. Watu walishangilia, kumbe ndani ya thibitisho mlikuwa na pengo! Alihangaika mwezi hata mwezi, huku wataalamu wa dunia wakimngoja. Kidole kimoja hakivunji chawa: akamwita Richard Taylor, aliyekuwa mwanafunzi wake, na mwezi wa Septemba 1994 pengo likazibwa. Kazi yote ilichapishwa mwaka 1995.

Hivyo fumbo la namba lilifunguliwa kwa ufunguo wa mistari na ulinganifu. Mwanafunzi adhaniaye ya kuwa aljebra na jiometri ni masomo yasiyojuana, na alikumbuke jambo hili. Wiles alithibitisha sehemu tu ya kisio la Wajapani, ile iliyomtosha. Mwaka 2001 wataalamu wanne, Taylor akiwa mmoja wao, walilikamilisha lote.